Bahari Iliyohama Golf

Jumamosi asubuhi, wakati mji mzima wa Lubumbashi ulikuwa umeinama na majembe kwa ajili ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji, Inspekta Mwaba alikuwa amesimama katika salon ya watu, mtaa wa wakubwa wa Golf, akitazama ukuta mtupu. Aliutazama muda mrefu hata mwenye nyumba naye akaanza kuutazama, kana kwamba picha iliyopotea ingeona haya na kurudi yenyewe.

Ukuta ule ulikuwa wa manjano, kwa sababu moshi wa usine, kile kiwanda cha kuyeyusha shaba, huingia kila mahali, hata ndani ya yai ambalo kuku bado hajaamua kulitaga. Lakini katikati ya manjano ile palikuwa na mahali peupe, papana kama meza ya watu wanne. Hapo ndipo picha ilipokuwa imetundikwa.

"Ilikuwa hapa," alisema Citoyen Ngosa, mwenye nyumba.

"Ninaona, Patron. Ilikuwa picha ya nini?"

"Bahari. Plage ya muchanga, majabali meupe, bantu badogo badogo na miavuli. Ukisogea karibu, iko rangi tu, kama mutoto aliimwanga. Ukienda kule ku mulango, unaona bahari. Bwana moja wa musée alikuya kula hapa, akaacha nyama mu sahani, akasimama wima. Akasema ni ya impressionniste, muchoraji Mufransa wa zamani."

"Na weye uliipenda?"

Ngosa alivuta koti la abacost yake, suti ya wakubwa isiyo na tai. Kwenye mkono wake wa kushoto alikuwa amefunga kitambaa cheusi cha kilio. Alikuwa mkurugenzi katika kampuni ya serikali ya shaba, na watu wa namna yake hawaulizwi mara nyingi kama wanapenda kitu.

"Niliikuta mu nyumba. Belge, muzungu mwenye alinitangulia, alienda na imbwa yake, akaacha bahari."

Mwaba alimwomba aeleze tena, pole pole, namna picha ilivyotoka. Ngosa akaeleza. Mama yake mzazi alikuwa amefariki, na kabla ya kufunga macho alisema wazi kwamba anataka kilio cha kweli, hata kama ni Golf, hata kama majirani ni watu wa kufunga barrière, geti la chuma. Kilio cha kweli maana yake nyumba inatolewa vitu vyote: viti, meza, radio, picha za ukutani, vyote nje, ili watu wakae chini kwenye mikeka pamoja na mwenye kufiwa. Ukiwa Kenya au Katuba, mitaa ya watu wa kawaida mjini humu, majirani wanapokea vitu vyako bila kuuliza, na kitanda chako kinalala kwa jirani kama mgeni. Golf hakuna hayo. Cooperant wa ng'ambo ya barabara, Mzungu wa mkataba, alipoona viti vinatoka, alidhani wanahama, akavuka barabara kuuliza kama frigo inauzwa.

"Basi Anaclet, mupishi wangu, akatafuta camionnette," alisema Ngosa. "Akapeleka bintu byote kule anajua. Kisha mazishi akabirudisha. Byote, hata kijiko. Picha haikurudi. Nilimuuliza, ananyamaza. Juzi nikaita bagendarme. Bakamutafuta mu chumba yake, bakakosa."

"Sasa iko mu cachot, balimufungia."

"Iko mu cachot. Kama hasemi mpaka Jumatatu, anaenda gereza kuu, na mi sitamutosha inje. Jumatatu ile ile bakubwa ba Kinshasa banakuya kula hapa. Niliisha kubaambia juu ya ile picha. Banakuya na njaa mbili."

Mwaba alikuwa amepanda juu ya kiti bila kuomba ruhusa, na kidole chake kilikuwa kikigusa vitundu viwili ukutani.

"Picha ilitundikwa juu ya nini, Patron?"

"Kulabu. Kulabu ya shaba, fundi mumoja wa usine aliitengeneza."

"Siku ya kilio, picha ilitoka na kulabu yake?"

Ngosa alifikiri. Kisha uso wake ukapata kumbukumbu ambayo hakuifurahia.

"Hapana. Kulabu ilibaki. Shangazi yangu alitundika pale sakoshi yake ya mukono, kilio muzima. Kila muntu mwenye alikuya kunipa pole, alitazama sakoshi."

"Na sasa kulabu haiko."

"Haiko."

"Basi ilitoka kisha kilio, wakati bashangazi balikuwa baliisha kurudi." Mwaba alishuka kitini. "Muntu mwenye anataka kuuzisha picha hachukue kulabu. Atafanya nayo nini? Mwenye kuchukua kulabu iko na ukuta."

Kabla Ngosa hajapata jibu, Inspekta alikuwa amekigeuza kile kiti miguu juu. Katika nyuzi za chini kulikuwa kumenasa maganda mekundu ya mbao iliyopigwa randa. Alilinusa moja. Pale brigedi, kituoni kwake, walikuwa wakisema pua ya Mwaba iliwahi kunusa uongo kupitia mlango uliofungwa, tena siku ya mvua. Yeye mwenyewe hakukanusha.

"Mbao ya mulombwa," alisema. "Na gundi mupya pa mafundo. Hiki kiti kilikuwa kinacheza?"

"Vyote vilikuwa vinacheza."

"Ikala, Patron."

Ngosa alikaa. Kiti hakikulia. Alijisogeza kushoto na kulia, mkurugenzi mzima, akingoja kilie, na kiti kikakaa kimya.

"Nani mwingine alikuwa anapenda ile picha?" aliuliza Mwaba akichukua kofia yake.

"Muchoraji mumoja, jina lake Chola. Anauzisha picha ya mamba-muntu ku soko ya Kenya. Alikuwa anakuya ku barrière kuomba aiangalie. Anaclet alikuwa anamufungulia, kumbe alidhani siyue."

Vespa ya Inspekta Mwaba ilikuwa na tabia ya kuwaka ikiwa inateremka tu, na kwa sababu hiyo aliijua miteremko yote ya Lubumbashi, hata ile ambayo macho ya kawaida huiona ni tambarare. Kutoka Golf alijiachia hadi brigedi, akamkuta Anaclet amekaa kwenye sakafu ya cachot, mgongo ukutani, amekunja mikono kama mtu anayengoja maharagwe yaive. Kwenye kitambulisho alikuwa ameshaandikwa Mumba, kama sheria ya kuacha majina ya Kizungu ilivyotaka, lakini jikoni alikuwa amebaki Anaclet, na cachot nayo ilimpokea kwa jina la jikoni.

"Jambo, yaya," alisema Mwaba, kama mtu anavyomwita kaka mkubwa.

"Jambo, Inspecteur."

"Walikupa chakula?"

"Walinipa. Mwenye kukipika hakuonja."

Mwaba alikaa chini mbele yake. Mlinzi alimletea kiti, akakikataa kwa mkono.

"Yaya, mi sitakuuliza kama ulichukua picha. Najua ulichukua. Kulabu iko wapi?"

Anaclet alitazama vidole vyake. Kwa mara ya kwanza tangu juzi, kona ya mdomo wake ilisogea.

"Bagendarme hawakuuliza ya kulabu."

"Bagendarme walikuwa wanatafuta mwizi."

"Na weye?"

"Mi natafuta ukuta."

Nje, watu wa salongo walikuwa wakiimba wakipalilia ukingo wa barabara ambao hata majani yalikuwa yamechoka kuota.

"Kama ningeiba kwa kuuzisha," alisema Anaclet, "ningechukua frigo. Muzungu wa ng'ambo alikuwa tayari."

"Unajua kwenye utaenda Jumatatu?"

"Ninajua."

"Bibi yako anajua?"

"Anajua niko huku. Nilimuambia nitarudi." Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Inspecteur, ile picha ikionekana, watairudisha siku ile ile?"

"Saa ile ile. Patron iko na wageni."

"Basi sina ya kusema."

Mwaba alimtazama. Alikuwa amewahoji wezi wengi, na wote, kabla ya kunyamaza, waliuliza nini kitawapata wao. Huyu aliuliza nini kitaipata picha. Alisimama, akapangusa suruali.

"Umetumika pale miaka mingi, Anaclet?"

"Tangu Belge. Mi njo nilikuwa napangusa ile bahari. Kila asubuhi, na nyoya ya kuku, sababu kitambaa kinakwaruza."

Sokoni Kenya, Chola alikuwa amepanga picha zake kwenye uzio wa kiwanja cha watu. Zote zilikuwa mamba-muntu: nusu mwanamke, nusu samaki, saa mkononi, nywele mpaka kiunoni, na kila mmoja akimwangalia mnunuzi kama anamdai kitu. Nyumba nzuri ya Lubumbashi isiyo na mamba-muntu salonini ilionekana kama nyumba isiyo na mlango. Chola alichora kwenye mifuko ya unga, na ukiipindua picha yake nyuma ungesoma jina la kinu.

Lakini katikati ya wale wanawake wa maji, Inspekta aliona majabali meupe. Aliona plage. Aliona watu wadogo wadogo na miavuli. Alinyoosha mkono akaishika fremu, na mlinzi aliyekuja naye nyuma ya Vespa akaishika kanzu ya Chola.

"Sasa iko nini?" alisema Chola.

"Hii uliipata wapi?"

"Mu kichwa. Uniachilie kanzu, papa, nilifua jana."

Mwaba aliipindua. Nyuma palikuwa na jina la kinu cha unga. Akaigeuza tena, na hapo akaona kwamba juu ya jabali la kati, palipostahili kuwa na hewa tu, alikaa mamba-muntu mkubwa, saa mkononi, akichana nywele.

"Achilia kanzu," alimwambia mlinzi. "Bwana Chola, ile ya kweli iko na mwanamuke?"

"Haina. Njo kosa yake." Chola alipanga kola yake kwa heshima iliyojeruhiwa. "Niliitazama mara mingi. Ule Mufransa alijua maji, siwezi kukatala. Alipaka rose mu maji, violet mu maji, na bado ni maji. Lakini maji yote ile, bila mwenyewe? Nani atainunua? Nikamumalizia kazi."

"Ulisikia imepotea?"

"Nilisikia. Na nikasema: watanikamata. Ona sasa."

"Bado sijakukamata. Mara ya mwisho ulionana na Anaclet lini?"

"Juma iliyopita. Alikuwa ananunua nyanya pale." Chola alionyesha kwa kidevu. "Aliniuliza neno ya ajabu. Aliniuliza ile picha, muntu anaweza kuiangalia karibu sana? Karibu namna hii?" Alinyoosha mkono wake mbele ya pua. "Nikamuambia hapana, picha ya vile unarudi nyuma, nyuma, mpaka inakusanyika. Akasema ule muntu hawezi kurudi nyuma. Nikasema basi ataona rangi tu. Akasema: itatosha. Akalipa nyanya yake, akaenda."

Mwaba alisimama na picha ya mamba-muntu mikononi kama mtu aliyesahau kwamba ameishika. Mtu asiyeweza kurudi nyuma ni mtu aliyelala. Na aliyetundikiwa picha mbele ya pua, macho yake hayafiki mbali.

"Hii fremu ni mulombwa," alisema mwishowe.

"Ni mulombwa."

"Nani alikukatia?"

"Feruzi, wa Hewa Bora. Kama ni mbao nyekundu na inakaa sawa, ni Feruzi. Sasa, papa, unanunua ao unanikamata? Sababu kivuli yako iko juu ya biashara."

"Uniwekee," alisema Mwaba. "Usiuzishe leo." Akamwacha mlinzi sokoni, akaenda peke yake mtaa wa Hewa Bora.

Karakana ya Feruzi ilikuwa ya mabati, nyuma ya nyumba, na vumbi la mulombwa lilikuwa limepaka kila kitu rangi nyekundu: ardhi, kuku, na kofia ya Feruzi ambayo hapo mwanzo ilikuwa nyeupe. Familia yake ilitoka Maniema. Babu yao, walisema, alitoka pwani kabisa, na jambo hilo lilitajwa katika nyumba ile kila mara chai ilipomiminwa.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Karibu, ndugu. Ni meza ao ni mlango?"

"Ni Anaclet," alisema Mwaba, na akasema yeye ni nani.

Feruzi aliweka randa chini. "Iko na neno gani? Hatujamuona tangu juma iliyopita. Ni rafiki yangu wa zamani, hakosaki kuja kumsalimia mama."

"Iko mu cachot. Kwa sababu ya picha."

Ilibidi Mwaba arudie, kwa maana Feruzi alidhani amesikia vibaya. Kisha fundi alikaa juu ya ubao, taratibu.

"Picha aliileta mwenyewe," alisema. "Vitu vya patron vyote vilikaa hapa kwangu siku za kilio. Viti nilivigundisha bure, sababu vilikuwa vinatia aibu. Picha niliiegemeza pale, kwa mbao. Sasa mama yangu, Mama Kulthumu, iko mgonjwa. Daktari alisema tumrudishe nyumbani, tumpatie kila kitu anapenda. Na hakupenda kitu. Hata uji alikataa. Siku ile nikamtoa kidogo kwa jua, namshika mkono, macho yake iko na wingu, haoni hata mimi vizuri. Akasimama mbele ya ile picha. Akauliza: nani ameleta kwetu hapa?"

"Kwetu?"

"Pwani. Kwa babu. Alikaa pale mpaka jua likaondoka. Kisha akaomba uji. Anaclet aliona yote, alikuwa pale na camionnette. Vitu viliporudi, picha ilirudi pia mpaka kwenye barrière ya Golf. Jioni nikaona Anaclet amekuja nayo tena, juu ya kichwa, na kulabu mfukoni. Akasema patron anatuazimisha mpaka mama apone." Feruzi alivua kofia, akaikung'uta, na wingu jekundu likapanda. "Sikuuliza, ndugu. Nilipaswa kuuliza. Kama ni mtu wa kwenda gereza, ni mimi mwenye ukuta."

"Unionyeshe," alisema Mwaba.

Alichukua blanketi ya brigedi iliyofungwa nyuma ya Vespa, aliyokuja nayo kufunga picha, akaingia.

Chumba kilikuwa kidogo na kimefagiliwa. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mpaka ukutani, na picha ilining'inia kwenye kulabu yake ya shaba, chini sana, usawa wa uso wa mtu aliyelala ubavu. Pale aliposimama Mwaba, kando ya kitanda, hapakuwa na bahari. Palikuwa na madoa: buluu, kijani, rose, vidole vya rangi nyeupe. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, na madoa yakashikana mikono: maji yakalala chini, majabali yakasimama, watu wadogo wakafungua miavuli yao. Alisogea tena, wakatawanyika.

"Kila muntu anafanya hivyo," ilisema sauti kutoka kitandani. "Mnaenda mbele, mnarudi nyuma. Mnachoka bure."

Mama Kulthumu alikuwa mdogo kama mto wa pili. Mkono wake ulikuwa karibu na rangi bila kuzigusa.

"Jambo, mama. Na weye unaona nini hapo karibu?"

"Naona. Picha zingine ni mistari, sizioni kabisa. Lakini baba, mimi vitu vyote vinanijia hivi sasa. Feruzi akiingia, ni doa jeupe na doa jekundu. Kuku ni doa. Wewe ni doa refu. Huyu aliyechora, alipaka vile ninaona." Alipumua. "Yale meupe ni nyumba za mawe za kwetu. Babu alikuwa anasema, zinaonekana mbele ya kuona mji. Wewe ni nani?"

"Ni Mwaba, mama. Ninatumika ku serikali."

"Umekuja na kitu mkononi."

"Ni blanketi."

"Kwa nini?"

Feruzi mlangoni aliangalia miguu yake. Mwaba alitazama blanketi, nzito, yenye mhuri wa brigedi kwenye pembe.

"Nilisikia huku kuna baridi," alisema.

"Iko, miguuni. Weka pale."

Akaitandaza miguuni pake, akaikunjia vizuri pembeni, mhuri upande wa chini.

Citoyen Ngosa alikuwa akila chakula cha mchana peke yake, samaki aliyeungua upande mmoja na mbichi upande wa pili, kwa sababu jikoni hapakuwa na mtu. Alimwona Inspekta na mikono mitupu, akaweka uma.

"Haukuipata."

"Niliipata, Patron. Mbele ya yote, niruhusu neno moja kwa kazi yangu. Retrait de deuil ya mama, ile siku ya kuondosha kilio, ni lini?"

"Mwezi ujao. Bashangazi balichagua siku. Juu nini?"

"Basi kilio hakijaisha."

"Tuliisha kuzika."

"Kuzika ni kuzika. Kilio kinaisha siku ya kukitosha. Weye mwenyewe ulitosha bintu inje, kwa heshima ya mama. Kintu yenye ilitoka juu ya kilio, na kilio bado iko, nitaandika namna gani kama iliibwa? Nitaandika kwanza saa gani ulirudishisha viti, na juu nini haraka. Nitalazimika kuuliza bashangazi."

Ngosa alimtazama kwa muda. Alikuwa amekwisha kukabiliana na waziri wa migodi, na mara moja na mamba hai katika mto Lwapula, kama mwenyewe alivyopenda kusimulia. Lakini shangazi yule wa sakoshi alikuwa jambo jingine.

"Unanitisha, Inspecteur."

"Hapana, Patron. Ninakupangia makaratasi."

"Iko wapi?"

Mwaba akamwambia. Alimwambia yote, hata nyoya ya kuku, hata uji. Hakuongeza kitu, jambo ambalo kwake halikuwa la kawaida. Alipomaliza, samaki alikuwa amepoa na kuwa mbaya zaidi.

"Ule mama," alisema Ngosa, "iko na miaka ngapi?"

"Kama wako."

Mkurugenzi aliinuka, akaenda kusimama mbele ya mahali peupe ukutani, mgongo kwa mgeni.

"Mama yangu aliichukia ile picha. Alipokuya kukaa hapa, alipindua kiti yake, akaipa picha mugongo. Alisema maji yenye haina ng'ambo ni maji ya kupoteza bantu. Nilikuwa namuambia: mama, ni ya bei. Ananiambia: basi uangalie weye." Akagusa kitambaa cheusi mkononi mwake. "Sikuangalia hata miye."

Kisha Ngosa akageuka.

"Anaclet anakula nini kule?"

"Anasema mwenye kupika haonjaki."

Ngosa aliketi, akavuta karatasi aliyoitoa Inspekta mfukoni, akaandika kwamba anaondoa mashtaka. Aliandika pia, bila kuambiwa, kwamba picha imebaki nje ya nyumba kwa ajili ya kilio cha mama yake mpaka siku ya kukiondoa. Akasaini saini kubwa ya wakurugenzi.

"Na Jumatatu?" aliuliza. "Bakubwa bataangalia nini? Huu ukuta?"

"Chola wa soko iko na moja. Sawasawa kabisa, plage, majabali, miavuli. Na mwenye maji ndani."

Ngosa alifunga macho. "Mamba-muntu. Mu salon yangu. Mbele ya Kinshasa."

"Iko na matiti mazuri, Patron. Hakuna muntu atauliza mambo ya Mufransa."

Alasiri, Vespa ilipanda kuelekea Hewa Bora ikiwa na watu wawili, yaani haikupanda: Anaclet alisukuma na Mwaba akashika usukani, kisha wakabadilishana. Mpishi alikuwa ameambiwa aende nyumbani kwanza, akasema atakwenda, njia yake inapita huku. Haikupita huku hata kidogo.

Feruzi alimshika Anaclet mikono miwili pale uani. Wakaanza kubishana juu ya nani alipaswa kwenda cachot badala ya nani, sauti za chini, kila mmoja akimkatalia mwenzake. Mwaba akawaacha, akaingia ndani kumsalimia mgonjwa kabla ya kurudi brigedi kueleza habari za blanketi.

Jua la magharibi lilikuwa limeingia kwa dirisha na kugusa ukingo wa picha. Mama Kulthumu hakuwa amelala.

"Doa refu," alisema. "Umerudi."

"Nimerudi, mama. Picha inabaki. Mpaka mwezi ujao, na kisha tutaona."

"Mwezi ujao ni mbali sana kwa mimi. Lakini asante." Alisogeza kidole hewani, karibu na pembe ya chini. "Hawa wadogo hapa kando ya maji. Feruzi anasema ni watu. Wanafanya nini?"

Mwaba alipiga goti. Kutoka hapo hawakuwa watu. Walikuwa michirizi minne ya rangi nyeusi na mmoja mwekundu.

"Wanangojea, mama. Huyu mwekundu ni mwanamuke, alikuya na kikapu. Asubuhi pale baridi ni kidogo, na maji inaleta chumvi mpaka juu ya midomo, unailamba. Samaki inatoka ingali inaruka. Na ile sauti, mama, haisimame hata usiku, inakuja na kurudi, mpaka muntu mwenye alizaliwa pale akienda mbali hawezi kulala. Mi mwenyewe, wakati nilikuwa kule..."

"Baba," alisema Mama Kulthumu.

"Mama."

"Wewe haukuona bahari hata siku moja."

Mwaba, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakamata wengine hapo hapo, alitazama ile michirizi.

"Hapana, mama."

"Hata mimi," alisema. Alivuta blanketi mpaka kifuani, akageuza uso wake kwenye rangi. "Endelea."